Simu ya Mjomba Wako Niliyoipokea Mimi

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yangu unaijua kuliko mimi, maana leo asubuhi umenipima presha, ukaandika namba kwenye kidaftari chako, kisha ukakifunga haraka. Niliiona. Macho yangu ya mbali bado mazima. Hali yako nayo naijua: tangu adhuhuri umefungua na kufunga hilo sanduku mara tatu, na mara ya mwisho ulikaa juu yake kama mtu aliyechoka na safari kabla haijaanza. Basi hayo tuyaache.

Mambo ya sweta, ya viatu vya baridi, ya kupiga simu ukifika, atakwambia shangazi yako Mwajuma, na ninavyomjua, atayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na tisa. Nakuandikia kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalipunguza. Nimejijaribu. Nikiwa peke yangu chumbani nilianza kulisema kwa sauti, na kila nilipofika mahali pabaya nilijikuta nikikohoa.

Daktari alipowaita wewe na Mwajuma pembeni mwezi uliopita, nilijua anawaambia nini. Mkarudi mnacheka. Watu hawacheki vile wakitoka kwa daktari. Sikuwauliza, lakini tangu siku ile nawatazama. Nimeona pilau ya Ijumaa imepungua chumvi na mazungumzo yamepungua maneno. Hivi ndivyo nilivyo, mwanangu. Nimeishi nikitazama watu wanaficha nini, na hii barua ni habari ya mahali tabia hiyo ilinifikisha.

Labda umesahau wiki iliyopita uliponionyesha ile video kwenye simu yako. Ulikuwa unatafuta habari za huo mji wa Uingereza unaokwenda kuuguza watu, ukakuta timu yao ndogo ya mpira imeshuka daraja siku hiyohiyo. Mvua inanyesha, uwanja mdogo, jukwaa la mabati kama la shule. Kipa wao amekaa chini karibu na mlingoti analia. Mimi nikasubiri mawe. Badala yake watu wote wakasimama wakaanza kupiga makofi, na mzee mmoja mwenye skafu akaruka uzio, akaenda akamshika yule kipa kichwa akakilaza kifuani kwake.

Nikakuuliza, "Nani kauza mechi?"

Ukacheka. "Baba jamani! Hakuna aliyeuza. Wamefungwa tu."

"Hao wanaopiga makofi, wanamficha nani?"

"Hawamfichi mtu. Wanawaaga."

Nikakurudishia simu nikasema nasikia usingizi. Sikuwa na usingizi. Nilikuwa namfikiria mjomba wako Athumani.

Siku mbili baadaye alituma salamu kupitia kwa Mwajuma. Alisema, "Nimesikia Rukia anaondoka. Kama hamtaona vibaya apite Pugu nimuage, ni njia ya uwanja wa ndege, atasogea mbele kidogo tu." Wewe ulikuwa unakunja nguo. Ulijibu bila kuinua kichwa: "Siendi kwa msaliti. Mama alikufa na kinyongo chake." Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye mkeka. Mwajuma akanitazama, nami nikajifanya natafuta miwani.

Neno hilo, msaliti, hukulizua wewe. Nililileta mimi ndani ya nyumba hii.

Ulikuwa darasa la kwanza. Tulikaa hapahapa Mbagala, nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na mimi nilifundisha jiografia mchana na jioni nilikuwa katibu wa klabu ya Tupendane. Labda unakumbuka jezi zetu za njano zikianikwa kwenye kamba uani, na mama yako akilalamika kwamba zinachuja rangi kwenye shuka zake. Haikuwa timu kubwa. Lakini tulikuwa tumepanda daraja mara mbili mfululizo kwa wachezaji wa mitaa hii hii: fundi baiskeli, wauza mitumba, mchonga vinyago mmoja Mmakonde aliyekuwa na mguu wa kushoto ambao sijaona tena. Na golini alisimama Athumani, mdogo wake mama yako, mwembamba, mrefu, mwenye mikono iliyofika mahali ambapo mikono ya watu haifiki. Watu wa huku walimwita Nyavu. Ulikuwa ukimwona anakuja unakimbia kumrukia, naye anakudaka hewani anasema, "Golikiki!" Hilo sidhani kama unalikumbuka. Nilihakikisha hulikumbuki.

Msimu ule tulianza vibaya. Tulifungwa, tukatoka sare, tukafungwa. Mahali pengine watu wangesema tumepanda daraja lililotuzidi. Sie hatukusema hivyo. Tulikaa chini tukaanza kuhesabu nani aliongea na nani.

Tulikuwa na kamati ya ufundi. Wewe umekua wakati mambo haya yanasemwa kwa kicheko, kwa hiyo nikueleze: hilo lilikuwa jina la heshima tu. Ufundi wenyewe haukuhusu mpira. Ilikuwa kazi ya kwenda kwa waganga, kujua tuingie uwanjani kwa mlango upi, jezi zilale wapi, nani asipeane mkono na nani. Mwenyekiti wetu, mzee Kibwana, mfanyabiashara wa mchele pale Buguruni, ndiye aliyeiongoza, na mimi nilikuwa mwandishi wake. Mimi, mwalimu niliyesimama mbele ya watoto asubuhi nikawaeleza mvua inatoka wapi, jioni naandika kwa mwandiko mzuri kwamba Jumapili timu iingie kinyumenyume kupitia nyuma ya goli. Na tuliingia. Kumi na moja wanatembea mgongo mbele, mchezaji mmoja akajikwaa akaanguka juu ya mwenzake, mashabiki wa upande wa pili wakacheka mpaka wakakaa chini. Mechi ile tulifungwa tatu.

Nisikudanganye kwamba niliwaamini waganga. Sikuwaamini hata siku moja. Mganga wa mwisho alituambia, "Adui yenu mnakula naye sahani moja," neno ambalo mtu yeyote anaweza kumwambia mtu yeyote. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Alikuwa amesema kitu ambacho mimi tayari nilikitaka.

Zilikuwepo sababu, au nilizipa jina hilo. Katikati ya msimu, tukiwa kambini, mtu alimpigia simu mshambuliaji wetu akamwambia mama yake amefariki Kilwa. Kijana akaondoka analia. Alipofika alimkuta mama yake anapeta mchele. Siku hiyo tulifungwa moja bila. Baada ya hapo nikatunga sheria, na nikajivunia: kambini simu zote zikusanywe na katibu, zizimwe, na habari mbaya isiingie mpaka mechi iishe. Wachezaji walikubali. Athumani ndiye aliyeuliza, "Na habari ya kweli je, shemeji?" Nikamjibu, "Habari ya kweli itangoja dakika tisini." Watu wakacheka. Nilipenda walivyocheka.

Ikafika mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tubaki. Siku tano kabla yake, nilimwona Athumani kwenye kibanda cha chai Rangi Tatu amekaa na mtu mmoja wa timu tuliyokuwa tunakwenda kucheza nayo, mwanaume mnene mwenye gari dogo la kubebea mizigo. Walizungumza vichwa vimekaribiana. Aliponiona, Athumani akanyamaza, akasema, "Karibu chai, shemeji." Nikasema nimefunga. Ilikuwa Jumanne, na sikuwa nimefunga.

Kambi tuliiweka kwenye madarasa ya shule moja ya msingi, wanafunzi wako likizo. Nilipita na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kila mmoja akatia simu yake. Nikaenda nayo kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, nikafunga mlango, nikazizima moja moja. Simu ya Athumani nikaiacha imewashwa.

Hilo sikumwambia hata mzee Kibwana. Nilitaka kujua nani atampigia.

Siku ya mechi, kama saa nne asubuhi, ikalia ndani ya ndoo. Nikaipokea bila kusema neno, nikasubiri mtu wa upande wa pili ajifichue. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Hapa, mwanangu, kwa miaka mingi nimejieleza hivi: kwamba nilikumbuka simu ya Kilwa, nikadhani ni hila ileile ya kumtoa kipa wetu kambini, na kwamba sauti sikuitambua. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine nikaichana, maana ni uongo. Sauti niliitambua pale pale. Alikuwa Mwanaidi, mke wa Athumani. Alisema:

"Athumani?" Nikaitika bila kukusudia. "Nani, shemeji? Alhamdulillah ni wewe. Shemeji, mpe Athumani simu. Uchungu umenishika, na miezi haijatimia. Niko peke yangu."

"Jirani yako yuko wapi?"

"Sijamwambia mtu. Unajua mambo haya hayatangazwi. Athumani kashapanga usafiri, yeye anajua nani wa kumwita. Mwambie tu."

Nikasema, "Tulia. Nitamwambia."

Kisha nikaizima ile simu nikairudisha ndani ya ndoo.

Uniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yalikuwa yangu. Moja: hii ni njia waliyoipanga, atoke, tufungwe, halafu asiwe na lawama. La pili: kipa wa akiba ana kidole kilichovunjika, Athumani akiondoka tunashuka daraja. La pili ndilo lililoamua. La kwanza lilikuja kulisaidia, likaniambia mimi ni mtu makini, si mtu mbaya. Ndiyo maana baadaye nikaja kuiogopa shaka yangu. Siku zote nilidhani inaniamsha. Kumbe ilikuwa inanibembeleza.

Nilitoka ofisini nikamkuta Athumani ananyoosha viungo uani. Akaniuliza, kama aliyehisi kitu, "Kuko shwari, shemeji?"

"Shwari," nikasema. "Fikiria mpira."

Tuliingia uwanjani kinyumenyume.

Mechi yenyewe sitaki kukuchosha nayo. Tulipata bao mapema, wakarudisha, na kwa muda mrefu tulikuwa tumebaki kwenye ligi. Athumani aliokoa mpira wa kichwa ambao hata wao walishapiga kelele za goli. Mimi niliyekaa benchi nikimtazama kama askari, nikajiambia: anajionyesha tu, anasubiri dakika za mwisho. Dakika za mwisho zikaja. Mpira dhaifu, wa mbali, umegonga kidonge cha udongo, ukampita katikati ya miguu. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba ardhi ya huku ikikauka hupasuka na kuacha vidonge. Lakini pale mzee Kibwana aliniinamia akasema, "Umeona?" Nikajibu, "Nimeona."

Kwa hiyo tukashuka. Mashabiki waliingia uwanjani. Mama mmoja muuza maandazi, aliyekuwa hakosi mechi, alimrushia Athumani kiatu chake mwenyewe akaondoka mguu mmoja peku. Athumani alikuja kwangu moja kwa moja, jasho linamtiririka, akasema, "Shemeji, naomba simu yangu. Nina wasiwasi na nyumbani." Nikampa. Akaiwasha huku anakimbia.

Mwanaidi alikuwa ameningoja mimi. Tangu saa nne mpaka alasiri alikuwa anajua habari imefika, na kila gari lililopita barabarani alidhani ndilo. Jirani alimsikia alipokuwa hawezi tena kujizuia, akaita wanawake. Mtoto alizaliwa hai. Wa kiume. Hakufika magharibi. Wakamzika kesho yake asubuhi, na mimi nilikuwepo, nikatia udongo kama wengine.

Mwanaidi hakubeba mimba nyingine.

Jumapili iliyofuata klabu ikaitisha mkutano wa wanachama chini ya turubai. Ungefika ungedhani ni harusi, kwa watu walivyojaa. Kila mmoja alitaka jina. Niliketi meza ya mbele na daftari langu, na hofu yangu ilikuwa moja tu: Athumani atasimama aseme mke wake alipiga simu na katibu akapokea. Nikaona bora nisimame kabla yake. Nikasimama. Nikawaambia wanachama kwa sauti niliyotumia darasani kwamba, kwa masikitiko makubwa, na ingawa mtu huyu ni shemeji yangu, nilimwona kwa macho yangu na mtu wa timu pinzani siku tano kabla ya mechi, na waamue wenyewe. Kile kipande cha "ingawa ni shemeji yangu" ndicho kilichommaliza. Watu walisema, Mwalimu kamtaja hata ndugu yake, huyu hasemi uongo.

Kelele zilipopungua Athumani aliinuka kule nyuma. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Hakujitetea. Aliuliza swali moja.

"Shemeji, mie nauliza kitu kidogo tu. Siku ile kambini, simu zetu zote zilizimwa?"

Turubai zima likanigeukia. Nilijua kwamba anajua. Mke wake ameshamwambia. Alikuwa amenifungulia mlango mbele ya watu wote, nitoke mwenyewe kwa miguu yangu.

Nikasema, "Zote."

Akanitazama. Akasema, "Haya," akakaa.

Wakamfungia maisha. Wiki ileile dirisha lao likavunjwa kwa mawe, na mwezi haukuisha wakahamia Pugu, akaanza kuotesha miche ya miti na kuuza kando ya barabara. Klabu nayo haikudumu. Msimu uliofuata tulimshuku beki, baadaye kocha, baadaye mzee Kibwana mwenyewe, na mwisho tukabaki watu sita kwenye kikao, kila mmoja ameketi anauona mlango. Jezi za njano mama yako alizifanya madekio.

Nilimkuta yule mtu mnene miaka kadhaa baadaye, sokoni Buguruni, nikinunua maharage. Akanisalimia vizuri tu. Akasema, "Yule kipa wenu yuko wapi siku hizi, maskini? Aliniomba niwe tayari na gari, mkewe alikuwa karibu kujifungua. Nilikaa siku nzima nimejaza mafuta. Sikuitwa." Nikasema simjui alipo. Nikaacha maharage kwa muuzaji nikaondoka.

Sasa nifike kwa mama yako. Alilia sana kwa ajili ya mtoto yule. Lakini mbele ya watu alikuwa mke wangu, na mimi nilimwambia, "Mdogo wako kauza. Ukienda kwake unanidhalilisha." Alibishana nami miezi. "Athumani simjui hivyo," alisema. "Toka utotoni akiiba sukari alikuwa anakuja kujisema mwenyewe." Nikamwambia watu hubadilika. Mwishowe akaacha kwenda. Unadhani alikuwa na kinyongo naye. Alikuwa na utii kwangu, na ulimchosha.

Na muda wote huo mjomba wako hakusema. Hicho ndicho kilichonitesa, na nilivyo, sikukielewa. Nilijiuliza: anangoja nini? Kwa nini hamwambii dada yake? Nikaamua kwamba anaiweka silaha yake kwa siku kubwa. Alipotuma ndizi mzuzu wakati wa Idi, nilimwambia mama yako azitupe, hatujui zimetiwa nini. Alipotuma mche wa mlimao wewe ulipofaulu kidato cha nne, niliung'oa ulipotimiza wiki mbili. Nilikwambia mbuzi kaula. Hapakuwa na mbuzi mtaa mzima.

Mama yako alipofariki, unakumbuka, alikuja. Ulikataa mkono wake mlangoni, nami nilikuona nikaridhika. Pale makaburini ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea dada yake, kama ilivyo haki ya ndugu wa kiume. Mimi nilikuwa juu nimeshika upande wa kichwa. Watu wote wanasoma dua, mimi natazama mikono yake. Nilikuwa naangalia kama ataacha kitu mle ndani. Mke wangu wa miaka thelathini anaingia ardhini, na mimi nawapekua watu kwa macho. Akainua uso, udongo umemjaa kope, akasema, "Taratibu, shemeji. Mshushe taratibu." Hakuacha kitu. Alitoa. Alichomoa kijiwe kilichokuwa chini ya ubavu wa dada yake, akakitia mfukoni, akapanda juu.

Nilipofika nyumbani siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini amenyamaza miaka yote. Ni jambo ambalo mtoto mdogo angelielewa. Athumani angesema, dada yake angeondoka kwangu. Wewe ungekuwa mtoto wa nyumba mbili. Hakuwa akingoja siku kubwa. Alimpa dada yake ndoa, akailipia kwa jina lake. Na hata baada ya kuelewa, Rukia, niliendelea kunyamaza miaka minne mingine, kwa sababu sasa ulibaki wewe, na nilitaka unitazame kama unavyonitazama.

Unakwenda kuuguza wageni. Utasikia watu wakikupa sababu za mambo waliyoyafanya, hasa usiku wa mwisho. Mie sina cha kukufundisha katika hilo. Naweza kukwambia tu jinsi lilivyo kwa ndani. Mtu anayeshuku hajihisi mbaya. Anajihisi mwerevu. Mimi nilijihisi mwerevu miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikumkamata hata mtu mmoja aliyekuwa na hatia, isipokuwa mimi, na huyo nilimjua tangu saa nne asubuhi ya siku ile.

Hata barua hii naishuku. Nimejiuliza kama nataka ukweli ujulikane au nataka tu nife mwepesi, na mzigo nikuachie wewe kwenye ndege. Inawezekana ni hilo la pili. Ukiona hivyo, utakuwa umeona sawa. Lakini ningekaa kimya tena ungeondoka ukimchukia mtu mmoja duniani ambaye hakukukosea, na mimi hapa ningezikwa na dua zako zote.

Pia nimekushuku wewe. Nilijua utaisoma hii na utataka kunilinda. Ungeikunja, ungeitia kwenye sanduku katikati ya nguo, ungekwenda Pugu ukampa mkono kwa adabu, usiseme neno, ili mzee wako abaki na heshima yake siku zilizobaki. Una roho hiyo. Umeirithi kwa mama yako, na sasa najua aliirithi upande gani. Kwa hiyo sikukuachia. Jana nilimwandikia Athumani barua yake, nusu ukurasa, hakuna "ingawa" hata moja. Nimesema nilipokea, nilitambua, nilizima, nilidanganya. Nyingine nimewaandikia wazee wa zamani wa Tupendane waliobaki, mzee Kibwana akiwemo, naye kashatuma mtu kuniuliza kama nimepatwa na homa. Mwajuma alizipeleka zote leo asubuhi mwenyewe. Alipotoka nilimwona anafuta macho, nikashuku kwamba amezisoma. Amezisoma. Amerudi saa nane, amepika, ameniwekea chakula, na hajaniita kaka tangu arudi.

Athumani hajajibu. Mwajuma anasema aliipokea mlangoni, akaisoma amesimama, akaikunja, akaingia ndani akafunga. Nimeitazama simu mchana kutwa. Safari hii nikimshuku nitakuwa na haki gani? Akiamua kutotaka kuona mtu wa damu yangu, ni haki yake, aliilipia.

Mwanaidi sikumwandikia. Sikupata neno la kuanzia. Hilo ukinihukumu kwalo utakuwa sahihi.

Kesho asubuhi nitakupa barua hii mkononi, baada ya chai. Isome chumbani kwako. Ukitaka kutoka bila kuniaga, mlango wa uani hauna kelele, sitakuita. Lakini ondoka mapema, upite Pugu kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Baada ya mwinuko utaona miche imepangwa kando ya barabara na geti la mabati ya bluu. Usimweleze lolote, keshajua. Usiniombee msamaha, sikukutuma. Gonga, useme wewe ni Rukia.

Akikufungulia, mwite mjomba. Asipokufungulia, mwite mjomba vilevile, kwa sauti, asikie huko aliko ndani.

Baba yako